Mtangazaji ni Mtunza Amana

Redio ni chombo cha umma hata pale inapomilikiwa na mtu binafsi, kwa kuwa mawimbi yanayochukua sauti yake ni mali ya wananchi wote. Kauli hii ni nyepesi kuitamka, na viongozi wetu wameitamka mara nyingi majukwaani. Uzito wake huonekana siku mtu anapokabidhiwa kipaza sauti na muda wa saa moja kila juma, akaambiwa: haya, sema na watu. Hapo ndipo atakapojua kwamba amepewa amana, na amana ina masharti yake.

Sisi tunaoandika makala haya ni wazaliwa wa Unguja. Tulianza chuoni, tukaendelea katika skuli za Serikali, na baadaye kazi za Chama na za ushirika zikatuvusha bahari hadi Moshi. Maskani yetu ni Kiboriloni, kata ya Manispaa ya Moshi iliyo kando ya barabara kuu iendayo Himo na Marangu, pale inapoanzia njia ya kupanda Tsuduni na Kidia katika Old Moshi. Ndugu zetu wa Visiwani ambao hawajafika huku wafahamu kwamba Kiboriloni ni mahali pa soko. Kina mama hushuka na mikungu ya ndizi kutoka mlimani, wachuuzi wa mitumba hutandaza mafurushi yao, na juu ya kelele zote hizo umesimama Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, ambao aghalabu huonekana alfajiri na kujifunika mawingu kabla ya adhuhuri. Kutoka hapo ndipo tunapokwenda mjini kila juma kuendesha, katika redio moja ya Moshi, kipindi cha muziki wa bluzi, yaani nyimbo za majonzi za Wamarekani weusi.

Tumeulizwa, na wakubwa na wadogo: "Ndugu, hizo nyimbo za Wamarekani zamfaa nini mkulima wa kahawa wa Old Moshi? Na kada wa Chama ana shughuli gani nazo?" Swali hili ni la haki, wala hatukulichukulia kuwa ni la chuki. Linastahili kujibiwa kwa hoja, na jibu lake linawahusu pia wananchi wa Unguja na Pemba pamoja na maofisa waliokabidhiwa mambo ya utangazaji na utamaduni.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba na chachacha, ilhali ngoma za kwao hawakuzijua. Sehemu hiyo ya hotuba hukumbushwa mara kwa mara. Isiyokumbushwa sana ni ile aliyoonya, tena kwa maneno makali, kwamba kuufufua utamaduni wetu hakuna maana ya kuukataa wa wengine, na kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa mataifa mengine linajiweka katika daraja la wapumbavu.

Miaka saba baadaye, mwaka 1969, vijana wa TANU waliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na nywele za bandia, na kabla ya mwaka huo kwisha muziki wa "soul" ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Radio Tanzania nayo iliutanguliza muziki wa nyumbani. Sera hiyo ilikuwa na ukali wake, lakini ilikuwa na matunda pia. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, iliyokwenda hadi Osaka katika maonyesho ya mwaka 1970, na Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, zote zilipata masikio ya Taifa zima kwa sababu studio ya Radio Tanzania ilizirekodi na kuzirusha hewani bila kuchoka.

Hali ya leo ni nyingine. Tangu sheria ya mwaka 1993 ilipofungua mlango wa redio za watu binafsi, vituo vimekuwa vingi, na kijana mwenye simu ya mkononi husikiliza dunia nzima akiwa juu ya pikipiki. Hakuna marufuku iwezayo kuuzuia wimbo mpakani. Hatari iliyopo sasa ni kwamba muziki, uwe wa nyumbani au wa kigeni, unapigwa bila kuelezwa. Wimbo hupita masikioni kama gari lisilo na namba: hujui latoka wapi, ni la nani, limebeba nini. Na watu wasioelezwa asili ya kitu hawawezi kuchagua kilicho chema wala kukataa kilicho kibaya.

Basi bluzi ni nini? Ni muziki uliozaliwa kusini mwa Marekani, baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo mwaka 1865, miongoni mwa watu waliopata uhuru bila kupata ardhi. Wengi wao walilima pamba katika mashamba ya wengine. Mwenye shamba aliwakopesha mbegu, unga na nguo, na siku ya mavuno alichukua sehemu yake, akakata na deni. Mara nyingi mkulima alitoka shambani na deni kubwa kuliko alilokuwa nalo alipoingia. Haya tunapoyaeleza redioni, wazee wa Old Moshi hutuelewa mara moja. Huku mlimani wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na KNCU, kwa sababu walitambua hatari ya mkulima kuuza peke yake kwa mtu aliyeshika mizani, daftari na mkoba wa fedha. Wenzao wa Mississippi hawakuachiwa nafasi ya kujenga nguvu ya namna hiyo. Walichobaki nacho ni gitaa na sauti.

Umbo la bluzi nalo lina nidhamu. Kwa kawaida mwimbaji husema mstari wa kwanza, akaurudia, kisha huleta wa tatu unaojibu ile kauli yake; na ubeti mzima hukaa katika hesabu ya vipimo 12. Msikilizaji wa Visiwani, aliyelelewa katika vina, mizani na kibwagizo cha shairi, hana haja ya kufundishwa utamu wa kurudia. Anajua kwamba kauli ikirudiwa, moyo hupata nafasi ya kujiandaa kwa jibu.

Liko jambo jingine ambalo wasikilizaji wetu wa Visiwani waliotuandikia walitaka tulifafanue. Mwanahistoria Sylviane Diouf, aliyechapisha mwaka 1998 kitabu kuhusu Waislamu waliouzwa utumwani Marekani, ametoa hoja kwamba uvutaji wa sauti katika nyimbo za kale za wafanyakazi weusi unafanana na usomaji na adhana za Waislamu wa Afrika Magharibi, waliopelekwa huko kwa maelfu. Sisi tuliokaa mbele ya mwalimu tukaonywa kwamba kisomo si wimbo, hatuchanganyi mambo hayo mawili. Hata hivyo hoja yenyewe haisemi kwamba adhana ni muziki. Inasema kwamba koo zilizofunzwa kuivuta sauti kwa namna fulani hazikuisahau namna hiyo hata zilipotiwa minyororo. Naye Ali Farka Touré wa Mali, aliyefariki mwaka 2006, alishikilia maisha yake yote kwamba muziki unaoitwa bluzi una mizizi katika nchi yake. Mtu aweza kuafiki au kupinga, lakini hatasema tena kwamba jambo hili halimhusu Mwafrika.

Kwa sababu hiyo kipindi chetu hakipigi bluzi peke yake. Kila wimbo wa ng'ambo tunaufuatishia wa kwetu, ili wasikilizaji wapime wenyewe. Mfano ulio karibu zaidi na nyoyo za Visiwani ni wa wanawake wawili. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880 katika ukoo wenye asili ya utumwa, akauza vyungu kabla ya kuingia mjini na kupata umaarufu wa kuimba. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay na kurekodi santuri kwa Kiswahili. Bessie Smith alizaliwa mwaka 1894 huko Chattanooga, akawa yatima mapema, akaimba njiani ili apate riziki, na mwaka 1923 alirekodi santuri yake ya kwanza. Miaka mitano tu yawatenganisha. Hawakuonana, wala hakuna aliyemwiga mwenzake. Lakini wote wawili walitoka katika vizazi vilivyoonja utumwa, wote wawili waliwaimbia wanyonge katika lugha ya wanyonge, na wote wawili makampuni ya santuri yaliwafuata yalipotambua kwamba hata maskini hununua wimbo unaosema habari zake. Siti aliimba juu ya dhuluma na hukumu zisizo za haki. Wimbo wake wa "Kijiti", uliohusu mauaji ya mwanamke mmoja, ulihifadhi kisa ambacho bila yeye kingelala katika mafaili ya mahakama. Bessie naye aliimba juu ya mafuriko na ufukara. Tulipowasikilizisha wasikilizaji wanawake hao kwa mfululizo, Moshi ilimjua Siti kwa njia ya Bessie, na vijana waliodhani taarabu ni mambo ya harusi tu walituuliza wapate wapi nyimbo zaidi.

Moshi pia ina wake. Frank Humplick, ambaye mama yake alikuwa Mchaga, aliimba katika miaka ya 1950 pamoja na dada zake Thecla na Maria, kwa Kichaga na Kiswahili, na gitaa lake lilikuwa la upole kama maji ya mfereji. Wapo vijana wa Kiboriloni waliozaliwa hatua chache kutoka alikotembea mtu huyo na hawakupata kulisikia jina lake mpaka siku tulipolitaja hewani. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Arusha kabla ya kuhamia Kenya na kuijenga Simba Wanyika, na nyimbo zao zikaturudia huku kwa njia ya redio ya jirani. Haya yote ni mali yetu, lakini mali isiyoandikwa jina la mwenyewe huokotwa na yeyote.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kazi yenyewe ya mtangazaji. Wengi hudhani kwamba kuendesha kipindi cha muziki ni kuchagua nyimbo nzuri na kuwa na sauti nzito. Waama, saa moja ya hewani inatugharimu siku mbili za maandalizi. Tumejiwekea kanuni tatu. Ya kwanza, kila wimbo utajwe mwimbaji wake, mtunzi wake, mwaka na mahali uliporekodiwa, na kisichofahamika kisibuniwe. Ya pili, mtangazaji asiseme juu ya wimbo. Mtu aliyeutoa moyo wake kwa dakika tatu anastahili kusikilizwa dakika tatu. Ya tatu, wimbo wa lugha ya kigeni uelezwe maana yake kwa Kiswahili fasaha kabla haujapigwa, ili asiyesoma sana asikae kama mgeni katika redio yake mwenyewe.

Kanuni hizi si uvumbuzi wetu. Katika mji mdogo wa Helena, jimbo la Arkansas, kipindi cha bluzi kiitwacho King Biscuit Time kilianza tarehe 21 Novemba 1941, kwa udhamini wa wauzaji wa unga. Kuanzia mwaka 1951 kiliendeshwa na mtangazaji Sonny Payne, aliyekishika mpaka alipofariki mwaka 2018, vipindi vikiwa vimepita 17,000. Mwaka huohuo wa 1951 ndipo Sauti ya Unguja na Sauti ya Dar es Salaam zilipoanza kusikika. B. B. King, ambaye dunia ilikuja kumjua na ambaye mwaka 1974 alipiga gitaa lake mjini Kinshasa, alianza kujulikana akiwa mtangazaji wa redio mjini Memphis. Watu hao hawakupewa vyombo vya ajabu. Walipewa muda uleule, siku kwa siku, na wakaaminiwa kuutunza.

Sasa tuseme kwa nini tumeona jambo hili linafaa kupelekwa mbele ya viongozi. Yupo mzee mmoja, jirani yetu hapa Kiboriloni, ambaye katika ujana wake alipiga gitaa la rithimu katika bendi ya shirika la umma. Leo anaishi kwa migomba michache na msaada wa wanawe. Siku moja alikuja kwetu, tukamwamkia, akakaa kimya kitambo kisha akasema: "Mwanangu, jana sauti yangu imepita redioni bila mimi. Wameutaja wimbo kuwa ni wa bendi nyingine. Hata salamu sikupata." Redio aliyoizungumzia si yetu, na hatuna haja ya kuitaja, kwa kuwa kosa hilo ni la wengi. Tulimkaribisha katika kipindi, akawataja wenzake mmoja mmoja, marehemu na walio hai, na nani aliyepiga nini. Katika muda wa robo saa alijaza pengo ambalo hakuna karatasi iliyokuwa imelijaza. Tukajiuliza: wazee wa namna hii wamebaki wangapi, Bara na Visiwani, na nani anawauliza?

Jambo hili si la heshima peke yake. Ni la haki na la fedha. Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003, iliyoizaa COSOZA. Sheria zote mbili zinatambua kwamba wimbo ukirushwa hewani kwa biashara, mwenye haki anastahili malipo. Lakini malipo hayawezi kumfikia mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Redio isipoweka daftari la nyimbo ilizopiga, au ikiandika "zilipendwa" na kuishia hapo, fedha hata zikikusanywa hazina pa kwenda. Aidha, ulinzi wa sheria si wa milele. Haki za mpigaji huhesabiwa kwa miaka tangu wimbo uliporekodiwa, na nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zimekwisha kula sehemu kubwa ya miaka hiyo bila wapigaji wake kuonja chochote.

Lipo na la kanda. Nyimbo hizo zilirekodiwa katika kanda za sumaku. Kanda ya namna hiyo ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa madini kwa gundi. Joto na unyevunyevu huilegeza gundi, unga ukabanduka, na sauti ikaondoka pamoja nao. Mashine za kuzisomea ni chache, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Visiwani, ambako hewa ya bahari haina huruma na chuma wala karatasi, kila mvua ya masika inayopita hupunguza kitu. Hatumlaumu ofisa yeyote. Waliozitunza kanda hizo miaka yote, kule Rahaleo na Dar es Salaam, walifanya hivyo kwa mishahara midogo na mapenzi makubwa. Lakini mapenzi hayazuii kutu.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu kwa wahusika. La kwanza, mamlaka za utangazaji za pande zote mbili za Muungano ziweke katika masharti ya leseni kwamba kila kituo kimtaje mwimbaji na mtunzi wa wimbo kinaoupiga, na kitunze daftari la kila siku litakalokaguliwa. Gharama yake ni kalamu na uangalifu. La pili, kazi ya kuzihamisha kanda za zamani kwenye kompyuta itengewe fungu la kudumu, na orodha yake iwe wazi kwa vituo vya mikoani, ili mtangazaji wa Moshi aweze kuipata sauti ya Siti, na wa Unguja aipate ya Frank Humplick, bila kutegemea kujuana. La tatu, vijana wanaoingia katika utangazaji wafundishwe historia ya muziki wa nchi yao kabla ya kufundishwa namna ya kuchangamsha wasikilizaji.

Wako watakaosema kwamba nchi ina mahitaji makubwa zaidi, ya maji, dawa na barabara. Hatubishi. Sisi wenyewe, katika vikao vya kata, tumeomba barabara na tutaendelea kuomba. Lakini tukumbuke kwamba mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", ni redio iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Watu waliitika kwa sababu waliiamini sauti iliyosema nao. Imani hiyo hujengwa katika mambo madogo pia, na miongoni mwake ni kumtaja mwenye wimbo kwa jina lake.

Kwa wananchi wa Unguja na Pemba tuna ombi moja. Wengi wenu mnazo santuri na kanda katika makabati na masanduku ya wazazi wenu, baadhi yake za vikundi vilivyokwisha kuvunjika. Msizitupe, wala msiziuze kwa mpita njia. Wakalisheni wazee wenu, muwasikilizishe, muwaulize ni nani anayeimba, nani anayepiga fidla, na ilikuwa mwaka gani. Kisha yaandikeni majina hayo nyuma ya jalada, wakati wenye kuyajua wangali hai.